Siku Nne za Maji

Habari ya kifo cha Mama Nsimire ilinikuta kitandani saa nne asubuhi, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote anayenifahamu. Mimi ni mtu wa ndani. Nashona sare za shule katika chumba changu hapa Mbarara. Cherehani iko hatua tatu kutoka kitandani, na zipo siku ambazo hatua hizo tatu ndizo safari yangu yote. Aliyepiga simu ni Mapendo, binti wa mama mdogo, ambaye tangu utotoni ananiita Konokono kwa sababu, asemavyo yeye, siendi mahali ambapo nyumba haiwezi kunifuata. Safari hii hakunitania sana. Alisema Mama Nsimire, jirani yetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alilala jana na hakuamka. Mazishi ni leo jioni, matanga yataondolewa siku ya tano, na watu watakuwa wengi. Kisha, kuku wakilia nyuma yake, akasema, "Mihogo ni ya kwako. Usitume mutu." Nikatafuta viatu.

Namna nilivyokuja kulelewa na mama mdogo sitaieleza. Nakivale kila nyumba ina hadithi ya aina hiyo, zinafanana kama madumu kwenye foleni ya bomba, na langu halina hata mfuniko wa rangi tofauti. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule niliopata nafasi ya kusoma Senior Five, kidato cha tano, mjini, nikiwa na miaka kumi na tisa na tayari nikijiona daktari kabla sijanunua kalamu. Nilipangiwa chumba nyuma ya nyumba ya Mama Ocaya, mke wa sajini mstaafu, pembeni kabisa ya ua wa kambi ya jeshi. Kilijengwa kiwe stoo ya makaa na hakikuwahi kusahau hivyo: kila nilipoegemea ukuta nilitoka na mgongo mweusi. Dirisha lilikuwa dogo kama daftari na lilitazama senyenge. Saa kumi na moja alfajiri tarumbeta ya askari ilinitoa usingizini, nami kwa ushujaa mkubwa nilijifunika blanketi. Mtu mwingine angekiita selo. Mimi nilikipenda kuanzia siku ya kwanza, na sikulipa kwa kitu kingine ila kuteka maji, kufagia na kupika, kazi ambazo wavulana wenzangu walizikimbia na mimi nilizifurahia kimyakimya kama mtu anayekula sukari gizani.

Mama Ocaya alikuwa na Kiswahili cha kambini, kisichopoteza muda. Siku niliyofungua mfuko wa unga aliokuwa amenifungashia mama mdogo, alisimama mlangoni, akashika pua, akauliza, "Banange, wewe mutoto ya Kongo, kitu gani nakufa ndani ya hii mfuko?" Ulikuwa unga wa mihogo wa kwetu, ambao mihogo yake hulowekwa siku nne hadi ichachuke, na kweli una harufu yake. Nilicheka naye. Lakini shuleni harufu ile ilinifuata ndani ya sweta, wakanipa jina ambalo sitaliandika, na mtu anayejificha ndani hujifunza haraka sana kuonea aibu vitu vya ndani. Asubuhi yake Mama Ocaya alichimba mihogo nyuma ya nyumba saa kumi na mbili, akaimenya, akaichemsha, na saa moja tulikuwa tunaila na chai, mitamu, myeupe, inapasuka kama viazi. Pipa hakuna, kungoja hakuna, harufu hakuna. Hakufa mtu. Nikatafuna, nikawaza, na kwa akili zote za Senior Five nikafikia uamuzi kwamba watu wetu wamekuwa wakipoteza siku nne za maisha yao kila wiki kwa ajili ya ushamba.

Sasa ni lazima niseme juu ya mihogo ya Mama Nsimire, kwa sababu kosa langu halingewezekana kwa mtu asiyejua mihogo ya aina mbili, na mimi nilijua moja na nusu. Ile ya Mama Ocaya ilikuwa mihogo mitamu. Mama Nsimire, mjane mwembamba aliyeishi mlango wa pili kutoka kwetu, alipanda mbegu za kwetu Kivu, mihogo michungu, ambayo nguruwe pori wakiionja wanaiacha na wezi hawahangaiki nayo. Kwa unga wake alikaanga maandazi, na mwingine aliuza kwa vikombe mbele ya nyumba. Mwaka ule jua liliwaka vibaya. Mahindi yalikauka yakiwa magotini, maharage hayakutoa kitu, na mihogo michungu tu ndiyo iliyosimama shambani, nayo jua linapoipiga inazidi uchungu. Niliporudi likizo ya Mei nilikuta Mama Nsimire ametuletea gunia zima. Hakuuza. Aliliweka mlangoni akasema nyumba yenye mwanafunzi haifai kulala njaa.

Mama mdogo alikuwa anaondoka kwenda kwenye maombi ya wiki moja huko Kabingo. Aliniachia gunia, pipa la bluu na maagizo: menya, tia maji mpaka juu, funika, siku nne, ukibonyeza kwa kidole gumba uingie kama kwenye ndizi mbivu, ndipo utoe. Nikasema ndiyo, mama. Alipotoka nikalitazama pipa kwa siku nne nzima. Kulijaza kulihitaji madumu manane, na bomba la kijiji mwaka ule lilitoa maji kama mtu anayetoa siri. Foleni ilikuwa ya kutoka asubuhi hadi saa nane, juani, katikati ya watu, mambo mawili ninayoyaogopa kuliko nyoka. Nikamenya mihogo kivulini, nikaikata vipande, nikaisuuza kwenye beseni moja, nikaianika juu ya mabati siku mbili, nikaipeleka kwenye mashine ya kusaga. Unga ulitoka mweupe kama kanzu ya kasisi, hauna harufu hata chembe. Niliupitisha chini ya pua ya Mapendo kwa fahari. Akasema umefanana na unga wa wazungu. Nikasema hii ndiyo sayansi, dada.

Siku ya saba Mapendo, ambaye alikuwa akishinda shambani na hakuwahi kulifunua pipa, alirudi kutoka kulima, njaa imemshika, akasonga bugali na kuula na majani tu, tonge nene, kwa sababu mboga ya maana haikuwepo. Mimi nilikula matonge mawili ya heshima. Sikumwambia kwamba asubuhi ile nilikuwa kwenye mji mdogo wa Rwekubo na nimekula chapati mbili peke yangu nyuma ya duka, kama kawaida ya wasomi. Baada ya muda kichwa kilinigonga kidogo, nikalala. Mapendo alianza kutapika mchana. Kisha akasema ardhi inageuka. Kisha akaacha kusema, akawa anapumua tu, haraka haraka, kama mtu aliyekimbia kutoka Kongo bila kusimama. Nilimtazama midomo nikitegemea kuiona imepauka au imegeuka bluu kama ya mtu anayekosa pumzi. Haikuwa hivyo. Mashavu yalikuwa na rangi nzuri ya mtu mwenye afya, na pumzi zilikuwa tele, na bado alikuwa anazama mbele yangu. Majirani wakamfunga kwenye pikipiki kati ya watu wawili. Kabla jua halijazama alikuwa Ruharo, kwenye hospitali ya misheni, ana mpira wa oksijeni puani na dripu mkononi.

Mama mdogo alifika kesho yake asubuhi na kanga ya maombi bado imefungwa kiunoni. Hajui Kiingereza, na muuguzi wa zamu hakujua Kiswahili wala Kifaransa, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Mara nyingi nimekaa kwenye cherehani nikarudia mazungumzo yale, mguu ukisimama juu ya kikanyagio. Muuguzi aliuliza wamekula nini. Nikasema bugali wa mihogo. Akauliza ilikuwa mihogo michungu, na iliwekwa majini siku ngapi. Nilijua nilipaswa kugeuka nimuulize mama mdogo, na nilijua pia kwamba yeye hakuwepo na aliyekuwepo nilikuwa mimi. Nikajibu moja kwa moja, kwa Kiingereza changu safi, siku nne. Muuguzi alikunja uso, akasema hata hivyo yeye anafikiri ni mihogo, na watu wa nyumbani waambiwe wasile tena unga ule. Mama mdogo akanivuta shati, akauliza amesema nini. Nikamwambia wanasema hawajui.

Alikaa chini kwenye sakafu ya korido. Akapangusa mikono kwenye kanga kana kwamba ilikuwa na unga. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama haiko ugonjwa, basi ni mutu."

Yeyote aliyekulia Kivu atajua mlango gani ulifunguka hapo. Kwetu sumu haitokani na mmea au chupa tu, inatokana na mkono, na jambo la kwanza kuulizwa ni nani aliyetoa chakula. Mapendo alilazwa siku nane. Alirudi mwembamba, magoti yakitetemeka, lakini ulimi uko palepale, na siku aliyorudi ndiyo siku nilipokwisha kumwaga unga wote uliobaki chooni. Nilisema nimefuata agizo la hospitali, na hilo peke yake lilikuwa kweli. Mama Nsimire alikuja na chupa ya uji wa soya. Mama mdogo aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na alipoondoka akaumwaga nyuma ya jiko. Lakini kabla ya kuondoka, Mama Nsimire alinikuta uani nikijifanya nafunga mbuzi. Aliniuliza taratibu, "Mihogo ile ililala mu maji siku ngapi, mwanangu?" Nikasema nne. Akageuza macho, akatazama pipa la bluu lililosimama pembeni ya ukuta. Nami nikalitazama. Ndani yake mlikuwa na vumbi, na buibui alikuwa ameshatandika nyumba. Akasema, "Aya," akaenda zake.

Nilirudi shuleni nikiwa na haraka ambayo Mama Ocaya aliisifu kuwa ni bidii. Nilifikiri kwamba nikijifungia vya kutosha jambo lile litachoka kunitafuta. Muhula ule, kwa bahati ambayo sijui niiite mbaya au nzuri, somo la biolojia lilikuwa ni namna seli inavyopata nguvu. Mwalimu wetu alikuwa Ocaya mwenyewe, mtoto wa nyumba ile, mtu mpole mwenye ndevu chache, aliyezaliwa kambini na kwa hiyo Kiswahili cha askari kilikuwa lugha ya utoto wake. Darasani alifundisha kwa Kiingereza na mimi nilinakili bila kuelewa, nikichora mitokondria kama maharage yenye minyoo. Nilipopata alama ambazo hata yeye aliona haya kuziandika kwa wino mwekundu, alinikalisha Jumamosi jikoni kwa mama yake, tukimenya vitunguu, akanieleza upya kwa lugha ya nyumbani.

Alisema chakula tunachokula mwili hauwezi kukitumia hivyohivyo, kama vile mtu hawezi kupiga simu kwa kutumia jua. Lazima jua liingizwe kwenye betri kwanza. Betri ya seli ni ATP. Ikitumika inapoteza fosfeti moja, inabaki ADP, na inarudi kuchajiwa, mara nyingi mno kwa siku, kama simu za Nakivale zinazopelekwa kwa mwenye sola. Mahali pa kuchajia ni mitokondria, kwenye utando wake wa ndani uliokunjwakunjwa kama nguo kwenye sanduku dogo. Chakula kikishavunjwa kinaacha elektroni, na elektroni zinapita kwenye laini ya protini zilizopangwa ndani ya utando ule. Hapo akasimama, akapanga vitunguu kwenye meza. "Wewe naona askari nashusha gunia kwa lori? Moja hapana kaa na gunia. Napokea, napatia mwingine, napatia mwingine. Elektroni iko hivyo. Na kila mara gunia nahama, kuna nguvu natoka, na hiyo nguvu nasukuma protoni inje ya ukuta." Protoni zikishasukumwa nje, akasema, zinajaa, zinabanana, na zote zinataka kurudi ndani. Lakini ukuta hauzipitishi. Mlango ni mmoja, nao unazunguka kama jiwe la kusagia: protoni zinapita, jiwe linazunguka, na katika kuzunguka linabandika fosfeti kwenye ADP. ATP inatoka kama unga. Na gunia la mwisho linapokewa na nani? Na oksijeni. Oksijeni inapokea elektroni, inachukua na protoni kidogo, inakuwa maji. Kumbe tunavuta pumzi maisha yetu yote, akasema akicheka, ili tuwe na mtu wa kupokea mzigo mwishoni mwa laini.

Nikauliza, kwa sababu kisu kilikuwa kimeshasimama mkononi, kuna kitu gani kinaweza kuzuia mwisho wa laini. Ocaya alifurahi, ndilo lilikuwa swali langu la kwanza la akili tangu aanze kunifundisha. Akasema sianidi. Inamkalia yule askari wa mwisho kabisa, yule wa kumkabidhi oksijeni. Akakishika kitunguu cha mwisho, akakifunika kwa kiganja. "Oksijeni iko pale, nasimama, mikono wazi. Damu imejaa oksijeni, nyekundu, safi. Lakini askari ya mwisho nafungwa mikono. Sasa nani natembea? Hakuna. Kila mutu nabaki na gunia yake." Protoni hazisukumwi, jiwe halizunguki, seli inakosa nguvu katikati ya pumzi tele. Ikiwa kidogo na mtu akasaidiwa mapema, mwili wenyewe unaivunja polepole, hasa ukiwa umekula maharage au samaki. Ikiwa nyingi, hapana. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba iko hata kwenye mihogo michungu, ndiyo sababu Wakongo wana akili ya kuiloweka. Ikichachuka majini ile sumu inaachia, inatoka. Mama Ocaya alikuwa ameshaweka sahani ya mihogo ya kuchemsha mbele yangu. Akasema, "Kula, mbona naangalia kama naona polisi?"

Kuanzia siku ile stoo ya makaa ikawa selo kweli. Nilikuwa na kila kitu: jibu, jina lake, mchoro wake wenye mishale. Nililala nikitazama senyenge nikihesabu watu walioshika magunia. Jumapili Mapendo alinipigia simu, mchangamfu, akinipa habari kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Mama Nsimire sasa hakuna anayenunua unga wake. Watoto wanavuka barabara wakimwona. Kwenye kwaya benchi lake limebaki na yeye peke yake, na wiki iliyopita hakuja. Anateka maji alfajiri kabla watu hawajaamka. "Balisema kama anatoka tena, batamuondosha hapa," Mapendo akasema. Nikamuuliza yeye anaamini nini. Akasema yeye anaamini kwamba alitaka kufa na hakufa, na kwamba mama mdogo analia. Nikasema betri ya simu yangu inaisha. Haikuwa inaisha. Nilifanya hivyo Jumapili tatu mfululizo, na kila mara nilijiambia kwamba jambo la namna hii halisemwi kwa simu, kama vile nilikuwa mtu anayependa kusema mambo ana kwa ana.

Agosti nilirudi. Mlango wa Mama Nsimire ulikuwa umefungwa mchana, na kwetu mlango unafungwa mchana kwa msiba au kwa aibu. Ukaango wake wa maandazi ulikuwa nje umegeuzwa kifudifudi, kutu imeanza pembeni. Mimi niliyejifungia maisha yangu yote kwa hiari nilipita mbele ya mlango ule nikitembea kwa ncha za vidole. Mama mdogo akaniambia, huku akipakua maharage, kwamba Jumamosi mwenyekiti wa kijiji atakaa na wazee uani kwetu. Watamwomba Mama Nsimire ahamie kijiji kingine upande wa pili wa ziwa, aache shamba, aache nyumba, kwa amani. Alisema "kwa amani" mara mbili. Ile mihogo yote aliyoipanda kwa jembe lake ingebaki kwa mtu mwingine, naye angefika ugenini na jina limemtangulia. Nilikula maharage yale. Yalikuwa na chumvi nzuri. Hiyo nayo naikumbuka kwa aibu.

Jumamosi walikuja watu wapatao thelathini na mabenchi ya kanisa. Mama Nsimire aliketi kwenye kigoda chake karibu na njia, mikono mapajani, amevaa kitambaa chake cha kwaya. Mwenyekiti, fundi baiskeli mwenye sauti ya chini, alikuwa bado kwenye sala ya kufungua nilipojikuta nimesimama. Mapendo ananiambia mpaka leo kwamba nilisimama kama mtu aliyekalia siafu. Nikasema kwamba katika mwili wa mtu kuna seli, na katika seli kuna mitokondria. Mtu mmoja akakohoa. Nikasema juu ya utando wa ndani. Mwenyekiti akasema kwa upole, mwanetu, tuko hapa juu ya sumu, usituletee mashine. Wakacheka. Nikaona kwamba maneno hayatafika, nikaenda nikatoa madumu ya maji jikoni, nikawaomba wazee sita wasimame mstari, wapitishane. Walisimama kwa ajili ya kichekesho tu. Dumu la kwanza likapita mkono kwa mkono, vizuri, kama siku ile nyumba ya mchungaji ilipowaka moto. Nikamweka Mapendo mwishoni, mikono wazi, nikasema huyu ndiye pumzi tunayovuta. Kisha mimi nikaingia kabla yake, nafasi ya mtu wa mwisho. Dumu likanifikia. Nikalishika, sikulitoa. Aliyenifuata nyuma alikuwa ameshapewa la pili, akawa na lake, na mwingine lake, wote wamesimama wameshika, na Mapendo mikono mitupu.

Nikasema hivi ndivyo mihogo michungu inavyoua isipolowekwa. Na ile mihogo sikuiloweka. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona aibu ya harufu, nikaianika tu. Dumu bado lilikuwa mikononi mwangu. Nikasema na jambo lingine. Kule Ruharo muuguzi alinipa neno nimpe mama, neno hili hili, mihogo. Nikalishika. Sikulitoa.

Hakuna aliyecheka. Mama mdogo alifunika uso kwa kanga. Wazee bado walikuwa wamesimama na madumu, hawajui wayatue wapi. Mapendo, mikono yake bado iko mbele, akanipokonya dumu, akanimwagia maji yote kichwani, lita ishirini za mwaka wa ukame, taratibu. Kisha akaenda akapiga magoti mbele ya kigoda cha Mama Nsimire. Mwenyekiti aliuliza, sauti ikiwa chini zaidi, "Mama, ulijua?"

"Nilijua tangu siku ile ya uji," Mama Nsimire akasema. "Pipa yabo ilikuwa na vumbi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema miye, mungesema natupia mutoto wa masomo makosa yangu." Akanitazama, nimelowa mpaka soksi. "Na konokono haumuvute. Ukimuvuta anakufa. Unangoja atoke."

Miezi mitatu alikuwa ameningoja nyuma ya mlango uliofungwa. Sikumwomba msamaha siku ile kwa maneno ya maana; yeye akaniambia niende nibadilishe nguo. Adhabu aliitoa mwenyewe, wazee hawakuongeza kitu: likizo yote ile nilijaza pipa lake, madumu manane, kwenye foleni, juani, katikati ya watu, na kila aliyepita aliniuliza habari za mitokondria. Bado wapo wanaoniita Mitokondria. Jumatatu ya pili, unga ulipokuwa tayari na harufu yake yote, Mapendo ndiye aliyekaa kwanza mbele ya sahani ya Mama Nsimire, mlango wazi kabisa, barabarani watu wanatazama, akala. Maelezo yangu yalikuwa yamewafanya watu wanyamaze. Tonge lile ndilo lililowafanya warudi kununua. Sekondari niliimaliza na sikuendelea. Katika mtihani wa mwisho wa biolojia kulikuwa na swali moja tu nililolijibu kikamilifu, na unaweza kukisia.

Kwa msiba huu nilifika Nakivale jioni, tayari wamemrudisha Mama Nsimire ardhini, kwenye pembe ya shamba lake. Mihogo ilikuwa imemenywa na wanawake, imerundikwa, na pipa lilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa ameligusa. Nilikwenda kwenye bomba nikateka madumu manane, nikijua kila jicho linahesabu, nikajaza mpaka juu, nikafunika kwa jani la ndizi na jiwe. Siku ya kwanza watu walikula mchele. Siku ya pili mchele ukaisha. Siku ya tatu walikuja jamaa kutoka kambi nyingine, gari zima, na mwenyekiti mpya, kijana asiyejua mengi, akanijia akasema wageni wana njaa, mzee, harufu imeshatoka, si tunaweza kutoa. Watu wote uani wakasogea kutazama. Nilifunua jani, nikaingiza mkono mpaka kiwiko, nikachagua mhogo mnene kuliko yote, nikaubonyeza kwa kidole gumba. Nje ulikuwa laini. Katikati kulikuwa na moyo mgumu kidogo, kama ukucha.

"Bado," nikasema.

Mapendo, mwenye wajukuu wawili sasa na ulimi uleule, aliniletea kigoda cha marehemu, akakiweka pembeni ya pipa. "Kaa hapa basi, Konokono," akasema. Nikakaa nje, mbele ya watu wote, mpaka kesho.